Miaka Mitano ya Kuingojea Dallas

Waulize waliosoma 11/22/63 ya Stephen King. Wengi watakuambia kitabu ni kizuri, kisha itafuata "lakini", na hiyo lakini karibu kila mara inahusu katikati. Msomaji anaahidiwa mapema kwamba mwalimu wa sekondari wa mwaka 2011 atarudi nyuma kumzuia Lee Harvey Oswald asimuue Rais John Kennedy. Anajiweka tayari kwa mbio. Halafu mwalimu yule anapanga nyumba katika mji mdogo wa Texas, anaanza kufundisha, anawasimamia wanafunzi katika mchezo wa kuigiza, anampenda mkutubi wa shule. Kurasa zinapita kwa mamia, na Oswald bado yuko Minsk, Muungano wa Sovieti.

Nimeisikia lawama hiyo kwa watu ambao usomaji wao nauheshimu, na kila nikikirudia kitabu nazidi kuona kwamba sehemu wanayoilaumu ndiyo inayokibeba.

Kwa asiyekijua: kilitoka Novemba 2011, kina kurasa zaidi ya 800, na jina lake ni tarehe iliyoandikwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Ni Novemba 22, 1963, siku Kennedy alipopigwa risasi mjini Dallas saa sita na nusu mchana. Katika tuzo za vitabu za gazeti la Los Angeles Times za mwaka 2011, kilishinda kwa upande wa riwaya za mashaka na upelelezi.

Safari yenyewe haina mashine. H. G. Wells alipotoa The Time Machine mwaka 1895 alimpa msafiri wake chombo cha kukalia, na tangu hapo waandishi wengi wamekuwa wakiunda vyombo. King ana stoo ya mgahawa. Al Templeton, mwenye mgahawa huo katika mji wa Lisbon Falls, jimbo la Maine, amegundua kwamba ndani ya stoo yake kuna ngazi isiyoonekana. Unapapasa kwa ncha ya kiatu mpaka mguu uguse kidato, unashuka kidogo kidogo, na unatokea kwenye jua la Septemba 9, 1958, saa sita kasoro dakika mbili mchana, ubavuni mwa kiwanda cha nguo cha Worumbo. Ni siku hiyo tu, na dakika hiyo tu. Ukae huko saa moja au miaka minne, ukirudi utakuta huku zimepita dakika mbili. Na ukishuka tena, yote uliyoyafanya safari iliyotangulia yanafutika, na mwaka 1958 unaanza upya kana kwamba hujawahi kuukanyaga.

Kwa nini iwe hivyo? Kitabu hakielezi, au kinaeleza kidogo sana na kwa kuchelewa. Wapo wapenzi wa hadithi za kisayansi wanaokikasirikia kwa hilo; wanataka fizikia. Mimi naona King amefanya kama mshonaji wa kofia za mkono: tundu ameliacha wazi, na uzi wote ameuweka kwenye kingo zake.

Uzi huo utauona vizuri kwenye nyama. Mkate wa nyama ya kusaga anaouza Al ni wa bei rahisi mno, kiasi kwamba mjini wananong'ona kuwa anasaga paka. Kumbe Al anashuka ngazi, ananunua nyama ya ng'ombe buchani kwa bei ya 1958, anapanda nayo, anaikaanga na kuiuza mwaka 2011. Na kwa kuwa kila akishuka siku ni ileile, bucha ni lilelile na mwenye bucha hajawahi kumwona, nyama anayonunua ni ileile pia. Wateja wake wamekuwa wakila kilo zilezile miaka nenda miaka rudi. Hapo hapo, katika utani wa mji mdogo juu ya chakula, msomaji ameshajifunza kanuni zote: siku moja tu, kufutika kwa kila safari, na kwamba kitu cha kule kinaweza kupandishwa huku. Hakuna aliyemhutubia. Alikuwa akicheka habari za paka.

Sasa angalia kanuni hizo zinamfanyia nini mtu anayetaka kumwokoa Kennedy. Ngazi inaishia 1958. Risasi zinalia 1963. Katikati pana miaka mitano na miezi miwili na ushei, na haina njia ya mkato; lazima ipitwe siku kwa siku, kodi ya nyumba ikilipwa, nguo zikifuliwa, jina la uongo likizoeleka mdomoni. Al mwenyewe alijaribu. Alikaa karibu miaka minne, saratani ya mapafu ikamkamata huko, akalazimika kurudi. Kwa mteja wake Jake Epping, mwalimu wa Kiingereza, Al alikuwa mzima jana na leo ni mifupa mitupu. Ndipo anamkabidhi Jake daftari la kumbukumbu zake na kumwachia kazi.

King angeweza kulitoboa tundu lake lielekee Novemba 1963. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na hakuna mtu angemdai sababu. Alipochagua 1958 alijitia kifungoni yeye mwenyewe kwanza, maana kila siku ambayo Jake angeishi, ilibidi mtu aiandike: bei ya petroli, ladha ya soda inayouzwa kwa senti kumi, aina ya kofia, aina ya woga. Huo ndio uamuzi ninaoustahi kuliko yote katika kitabu hiki. Riwaya nyingi za safari za wakati zinampa msafiri wepesi. Hii imempa uzito.

Tena kuna sababu ya pili ya kungoja, nayo imefungwa vizuri. Msomaji mwenye haraka atauliza: si Jake amtafute Oswald mapema, ammalize, arudi zake? Tatizo ni kwamba Al hakuwa na hakika kama Oswald alifanya peke yake. Ukimuua mtu kwa kosa ambalo hajalitenda, na huenda si lake, wewe ni nani? Historia inatoa kipimo kimoja: Aprili 10, 1963, mtu alimfyatulia risasi Jenerali Edwin Walker nyumbani kwake Dallas, na uchunguzi wa baadaye ulimhusisha Oswald. Kama Oswald alikuwa peke yake usiku ule, basi kuna sababu ya kuamini atakuwa peke yake Novemba. Kwa hiyo Jake hana budi kusubiri mpaka Aprili ile apate hakika. Subira yake ni ya kiutu kabla ya kuwa mbinu ya mwandishi, ndiyo maana haichoshi kama wanavyodai.

Lakini yote hayo yangekuwa ufundi mkavu kama si insha ya Harry. Kabla hatujaona ngazi yoyote, King anatukalisha na Jake akisahihisha kazi za darasa la watu wazima. Mmoja wa wanafunzi hao ni Harry Dunning, mfagizi wa shule, mtu anayechechemea na ambaye watoto wanamtania kwa mwendo wake. Mada ni siku iliyobadilisha maisha yake. Harry anaandika, kwa tahajia mbovu na sentensi zinazogongana, habari za usiku wa Halloween wa 1958, baba yake alipoingia nyumbani na nyundo na kuiangamiza familia. King hajaisafisha insha hiyo ili itupendeze. Ameacha makosa yote mahali pake, na ni makosa hayo yanayokubana koo, kwa sababu unamwona mtu mzima akiinama juu ya karatasi akitafuta herufi za kusimulia kifo cha mama yake. Jake, mwanamume ambaye mkewe wa zamani alimlaumu kuwa hana machozi, analia. Anampa alama za juu kabisa.

Kwa hiyo ngazi inapoonekana, msomaji hafikirii Kennedy kwanza. Anafikiria nyundo. Septemba mpaka Oktoba ni majuma saba tu. Harry anaweza kuokolewa. Jake anakwenda kujaribu, anafanikiwa nusu, na anaporudi 2011 anakuta kwamba Harry aliyekua na miguu mizima alichukuliwa jeshini akafia Vietnam. Sura hizo ni kama riwaya ndogo ndani ya riwaya, na kazi yake ni kutufundisha gharama. Tukijua kuokoa familia moja kumegharimu nini, tunaanza kupiga hesabu sisi wenyewe: rais je?

Hapa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo la ustadi zaidi. Hadithi za mashaka zina ugonjwa wa zamani, nao ni balaa linalotokea pale tu mwandishi anapolihitaji. Gari linazimika njiani. Shujaa anaugua siku ya tukio. Simu haipatikani. Msomaji mzoefu anaguna, maana ameuona mkono wa mwandishi chini ya meza. King anaugeuza ugonjwa huo kuwa kanuni ya ulimwengu wake: wakati uliopita ni mkaidi, haupendi kubadilishwa, na ukaidi wake unalingana na ukubwa wa badiliko. Tangu tunapoambiwa hivyo, kila balaa linakuwa ushahidi. Siku ya kuwaokoa akina Dunning, Jake anashikwa na tumbo la kuhara hata hawezi kusimama sawasawa, na mimi msomaji nilihisi kuna kitu kinamtazama. Miezi michache kabla ya Dallas anapigwa vibaya na watu wa kamari, anapoteza kumbukumbu, anasahau hata jina la mtu aliyekuja kumzuia. Katika kitabu kingine ningeitupa sura hiyo. Hapa nilikuwa nikingoja pigo tangu zamani, nikijiuliza litatokea upande gani.

Anafanya jambo kama hilo kwa mambo yanayojirudia. Familia ya kwanza ni Dunning, mpenzi wa Jake huko Texas ni Sadie Dunhill. Gari la aina moja na rangi zilezile linapita mara hii Maine, mara ile Texas. Mwandishi asiye makini akirudia jina tunasema amechoka. King anamfanya Jake mwenyewe ayaone marudio hayo yakiitikiana na aogope. Na mwitikio mkubwa kuliko yote ni wa wanaume watatu: Frank Dunning mwenye nyundo, Johnny Clayton aliyekuwa mume wa Sadie, na Oswald, ambaye kumbukumbu za kihistoria zinaonyesha alikuwa akimpiga mkewe Marina. Kitabu kinamfikia muuaji wa rais kwa kupitia nyumba ambazo wanawake wanapigwa na majirani wanasikia. Sijaona wasomaji wengi wakilitaja hilo, nami naliona ndilo wazo zito la riwaya nzima. Kabla hajawa jina la kwenye vitabu vya historia, Oswald ni mume anayesikika kupitia ukuta.

Sasa twende Jodie, ule mji mdogo wa Texas unaolaumiwa. Jake anajiita George Amberson. Anapanda jukwaani na wanafunzi, anamgundua kijana mcheza mpira mwenye kipaji cha kuigiza, anacheza dansi na Sadie mpaka watu wanawapisha ukumbini. Siku moja anaimba bila kujitambua. Wimbo ni wa Rolling Stones, na utatoka mwaka 1969. Sadie anasikia maneno ambayo redio ya wakati ule isingethubutu kuyapiga, anauliza ameyatoa wapi, na Jake anadanganya. Uongo ni mdogo sana. Lakini Sadie ametoka kwenye ndoa ya mwanamume mwenye mambo yaliyofichwa, na anautambua uongo kwa harufu. Uhusiano unapasuka kwa wimbo. Ili ufa huo uume, ilibidi kwanza tukae nao wawili muda mrefu kiasi cha kuzoea starehe yao, tusahau kidogo kama Jake anavyosahau kwamba amekuja kikazi. Ukikata kurasa za Jodie, unabaki na mwanamume anayemfuatilia Oswald, na siku ya Novemba anakimbilia jengo la ghala la vitabu alikojificha Oswald akiwa hana cha kupoteza. Kwa jinsi kitabu kilivyo, anakimbia akiwa amebeba kila kitu.

Wala utamu wa miaka hiyo haukumpofusha mwandishi. Msomaji anapoanza kulewa soda na magari mazuri, Jake anasimama kwenye kituo cha mafuta North Carolina kutafuta choo. Wanaume wana mlango wao, wanawake wana wao. Watu weusi wana kibao chenye mshale. Anaufuata mshale kwenye kijia, anapita katikati ya majani yanayowasha, na mwisho wa njia anakuta kijito, na juu yake ubao umelazwa. Basi. Hicho ndicho choo. Ni aya chache tu, hazihubiri, na baada yake hakuna anayeweza kusoma kuhusu 1958 kwa matamanio matupu.

Lawama ninazozikubali zipo. Sura za Mtaa wa Mercedes, Fort Worth, ambako Jake anapanga jirani na Oswald na kutega vinasa sauti, zimeshikwa mno na kumbukumbu za kihistoria. King alisoma sana, alikwenda Dallas pamoja na msaidizi wake wa utafiti Russ Dorr, na hapo unauona utafiti ukiwa haujayeyuka. Sura za mji wa Derry, kwao akina Dunning, zinampa raha zaidi aliyekwisha kusoma It, riwaya ya King ya kabla ya hii. Na ile dunia mpya ya 2011 ambayo Jake anaikuta baada ya Dallas imepakwa rangi kwa haraka. Mwandishi aliyetumia mamia ya kurasa kujenga mji mmoja anaubomoa ulimwengu kwa kurasa chache, tena kwa msaada wa mhusika anayeeleza. Hapo waliokasirika nakaa nao benchi moja.

Wasomaji wa kwetu wana maswali ya kwao, na nayapenda. Kennedy si jina geni pwani wala bara. Julai 1960 Tom Mboya alikwenda kumwona Hyannis Port, na taasisi ya familia ya Kennedy ikaahidi dola 100,000 za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani. Julai 1963 Mwalimu Nyerere alipokewa Ikulu ya Marekani. Kennedy aliuawa siku 20 kabla ya uhuru wa Kenya. Kwa hiyo Mkenya akikifunga kitabu hiki, nimesikia zaidi ya mara moja, haulizi Dallas. Anauliza Nairobi, Julai 5, 1969, mbele ya duka la dawa la Government Road, Mboya akitoka na kupigwa risasi. Mtanzania anauliza Waziri Mkuu Sokoine na ile ajali ya barabara ya Dodoma, Aprili 1984. Kitabu hakina jibu kwa hao. Kinachowapa ni namna ya kuuliza kwa uzito: ungeshuka mwaka gani, ungeishi wapi ukingoja, ungempenda nani wakati unangoja, na uko tayari kumwacha?

King mwenyewe alingoja. Wazo lilimjia mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kama Jake. Akaliacha, kwa sababu utafiti ulikuwa mkubwa kuliko muda wa mwalimu, na kwa sababu kidonda cha Dallas kilikuwa hakijakauka. Lisbon Falls ndiko alikosoma sekondari, na kiwanda cha Worumbo ni mahali alipofanya kazi ujanani. Ngazi ya stoo inamshusha Jake kwenye ubavu wa ajira ya zamani ya mwandishi wake. Karibu miaka 40 ilipita kati ya wazo na kitabu, na katika neno la mwisho anamtaja kwa heshima Jack Finney, aliyeandika Time and Again mwaka 1970, riwaya ambayo King anaiweka juu ya zote za safari za wakati.

Kuhusu mwisho wasomaji hawabishani sana. Hata wale wa "lakini" wanakiri kwamba kurasa za mwisho ziliwashika. Si mwisho aliouandika kwanza. Mwanawe, mwandishi Joe Hill, ndiye aliyependekeza ulio bora, na King amemshukuru kitabuni kwa hilo. Ule wa awali aliutoa baadaye, kwa hiyo unaweza kuuweka pembeni mwa huu na kulinganisha. Katika ule wa kwanza Jake anapata habari za Sadie kwa mbali, kwa kusoma. Katika huu anafunga safari mwenyewe hadi Jodie, uzeeni mwa Sadie, kwenda kumwona. Sitasema zaidi kwa ajili ya ambaye hajafika huko. Ila kitabu kilichomkatalia Jake njia ya mkato kwa miaka mitano kisingeweza kumruhusu aagane na Sadie kwa kusoma habari zake tu, na Joe Hill aliliona hilo kabla ya baba yake.